Maji ya moto saa kumi na mbili: kwa nini etaje muzima inazimika

Leo tuongee juu ya kitu chenye kinagombanishaka wapangaji: maji ya moto.

Chukua etaje moja ya Goma ao Bukavu, nyumba 10 ndani, kila moja na boila ya litre 100. Kuanzia saa kumi na moja na nusu asubui mpaka saa moja, bote banaoga: wakubwa banaenda kazini, watoto ku masomo. Muchana maji ya moto haitumikake sana. Magaribi inarudia tena: kuoga, kuosha vyombo, na saa ile ile njo bote banapika. Ni kusema matumizi iko na vilima viwili kwa siku.

Sasa tuhesabu. Kupasha litre 1 ya maji kwa digri 1 inaomba kilojule 4,2. Boila ya litre 100, kutoka digri 20 mpaka 60, inakula kilojule 16.800, sawa na kilowati-saa 4,7. Kama rezistansi iko ya kilowati 2, inatumika karibu saa 2 na dakika 20. Boila 10 zikiwaka pamoja ni kilowati 20, na bado hakuna mwenye amewasha réchaud! Disjonkteri inaruka, tunaanza kulaumu jirani wa chini.

Kuna tena swali la haki. Ndoo moja ya litre 20 kwa digri 40 inaomba karibu kilowati-saa 0,5 tu. Dushi ya dakika 10, kwa litre 8 kila dakika, ni ndoo 4. Fakitire ikigawanywa sawasawa, mama wa ndoo moja analipia kijana wa dushi.

Tufanye nini? Kwanza, kupasha kwa zamu usiku: etaje ya chini saa nne, ya juu saa saba. Boila yenye kufunikwa muzuri inachunga moto mpaka asubui. Pili, kila nyumba ikuwe na kompteri yake. Lakini musishushe boila ku digri 40 juu ya kuchunga makuta: bakteria ya Legionella inapenda maji ya vuguvugu, na inaweza kuleta ugonjwa mubaya wa mapafu. Digri 60 inaiua.

Kwenu munagawanyaka fakitire namna gani? Mutuandikie.