Kwa Nini Tufe Halitupwi kwa Nyuzi 45

Ufuko wa Kaole, kiasi cha kilometa 5 kusini ya mji wa Bagamoyo, unajulikana zaidi kwa magofu ya misikiti na makaburi ya kale yaliyo karibu nao. Kwa mwalimu wa fizikia una faida nyingine. Maji yakupwapo, mchanga wenye unyevu hubaki wazi, na kila kitu kiangukacho juu yake huacha alama. Hapo ni mahali pazuri pa kulipima jibu moja ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikariri bila kulijaribu: kwamba kitu kitupwacho kwa pembe ya nyuzi 45 ndicho kifikacho mbali zaidi.

Jibu hilo ni sahihi, lakini lina masharti. Galileo alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638. Kitu kilichotupwa huwa na miendo miwili kwa wakati mmoja. Mwendo wa mlalo, tukiiacha hewa kando, hauna kinachousukuma wala kinachouzuia, basi huendelea kwa kasi ile ile. Mwendo wa wima huvutwa na dunia: hupungua wakati wa kupanda, hukoma kileleni, kisha huongezeka wakati wa kushuka. Pembe ikiwa kubwa mno, kitu hukaa angani muda mrefu lakini husonga mbele kidogo. Ikiwa ndogo mno, husonga upesi lakini huwahi kuanguka. Nyuzi 45 ni mapatano baina ya hayo mawili. Mapatano hayo husimama iwapo kitu kitaanguka kwenye usawa ule ule kilikotoka, iwapo hewa haitakizuia, na iwapo mtupaji ataweza kutoa kasi ile ile kwa kila pembe.

Mwanafunzi atupaye tufe huvunja sharti la kwanza pale pale asimamapo, kwa kuwa tufe huondoka mkononi likiwa juu ya bega lake. Tuchukue kwamba limeondoka kwenye kimo cha meta 1.8, kwa kasi ya meta 10 kwa sekunde. Mchapuko wa mvutano wa dunia katika pwani ya Bagamoyo ni takriban 9.78. Hesabu itaonyesha kwamba kwa nyuzi 45 tufe litafika meta 11.79, na kwamba pembe bora ni karibu na nyuzi 41, ambayo hulifikisha meta 11.89. Tofauti ni sentimeta 10 tu. Mwalimu aliyeishia hapo angeweza kusema kwamba kitabu na uwanja havikupishana sana.

Lakini sharti la tatu ndilo zito, nalo halimo katika vitabu vingi. Mkono hausukumi kwa nguvu sawa kila upande. Kadiri tufe linavyosukumwa kwenda juu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya juhudi inavyotumika kupambana na uzito wake. Na tena kifua na bega husukuma vizuri zaidi kuelekea mbele kuliko juu. Kwa hiyo pembe ikiongezeka, kasi hupungua. Tuseme mwanafunzi yule yule, akishusha pembe hadi nyuzi 35, hupata kasi ya meta 10.5 kwa sekunde. Tufe lake litafika meta 12.73, karibu meta nzima zaidi, kwa sababu kasi huingia katika hesabu kwa mraba wake. Watupaji mashuhuri wa dunia huliachia tufe kwa nyuzi 35 hadi 38 hivi. Kijana anayeamrishwa kushika nyuzi 45 kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ananyang'anywa ushindi na fizikia iliyosomwa nusu.

(Kaole ina upendeleo wake mdogo. Helsinki, ambako mchapuko ni 9.82, mtupaji wa meta 20 angepungukiwa sentimeta 7 hivi kwa nguvu zile zile.)

Mkuki ni habari nyingine, kwani hewa huubeba. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani ya Mashariki aliutupa meta 104.80, na viwanja vikaanza kuonekana vidogo. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulibadilishwa: kitovu cha uzito kilisogezwa mbele ili ncha iiname mapema. Ni kwa mkuki wa namna hiyo mpya Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mengi kwa kutazama filamu za watupaji katika intaneti, alifikisha meta 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia.

Jaribio la ufukweni halihitaji vyombo vya gharama. Jiwe la mviringo la kilo 3 au 4 litafaa, pamoja na utepe wa kupimia, nguzo mbili na kamba. Kamba ifungwe meta 2 mbele ya mkono wa mtupaji, naye alipitishe jiwe juu yake tu. Kwa mfano uliotolewa hapo juu, kamba ya kimo cha meta 2.9 huleta nyuzi 35, na ya meta 3.4 huleta 45. Mwanafunzi atakayetarajia vimo vikubwa zaidi amesahau kwamba jiwe huanza kuvutwa chini mara liachwapo. Asiwepo mtu yeyote mbele.

Baadaye jiwe libadilishwe kwa mpira wa miguu, hasa majira ya kusi. Jiwe halitajali upepo. Mpira utakaopigwa kuelekea upande wa Dar es Salaam utaanguka karibu, na ule utakaopigwa kuelekea Bagamoyo utakwenda mbali, na umbo la mapito yake halitakuwa parabola tena.