Je, Wajua? Diski Nzima Inaweza Kuhesabiwa Imekufa

Je, wajua kwamba kifaa cha kuhifadhi data kwenye mtandao kinaweza kuitoa katika kundi la diski zake diski isiyofaa kwa kazi hiyo, kwa sababu tu imechelewa kujibu?

• Diski ya kompyuta ya mezani ikikuta sehemu isiyosomeka, inaweza kurudia kuisoma kwa muda mrefu. Katika kundi la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ukimya huo huonekana kama kifo. Diski zilizotengenezewa kazi hii huacha kujaribu baada ya sekunde 7 hivi, kisha data husomwa kupitia diski zilizobaki.

• Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya vifaa hivyo vya mtandao, zilitumia teknolojia ya SMR, ambayo hupandanisha mistari ya data kama vigae vya paa. Kuandika data nyingi mfululizo huzipunguza kasi, na kujenga upya kundi la RAID huweza kuchukua siku kadhaa.

• Mwaka 2025 Synology, kampuni inayotengeneza vifaa vya aina hii, iliwawekea masharti wanunuzi wa vifaa vyake vipya vya Plus: diski ziwe zake au zilizoidhinishwa. Oktoba mwaka huohuo, toleo la 7.3 la DSM, mfumo endeshi wa vifaa hivyo, lililegeza masharti hayo.

Kabla ya kununua, soma orodha ya diski zinazokubalika na uchague zenye CMR, yaani zile ambazo mistari yake ya data haipandani. Na kumbuka: RAID si nakala rudufu. Picha za familia na hesabu za biashara zinastahili nakala nyingine, mahali pengine.