Sumu ya kuvu: kutoka depo mpaka kwenye maini



Mtu akivimba tumbo, macho yakawa manjano, watu wanasema: amepewa sumu. Jirani anaanza kuangaliwa vibaya. Kumbe mara nyingine sumu iko kweli, lakini imetoka ndani ya depo yetu wenyewe.

Mahindi na karanga zisizokauka vizuri zinaota kuvu. Kuna kuvu inayotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Ukiila kidogo kidogo miaka mingi, inaweza kuleta kansa ya maini, zaidi kwa mwenye virusi vya hepatiti B. Ukiila nyingi kwa mara moja, inaua upesi: Kenya, mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125.

Kwa nini maini yakigonjwa mwili wote unaumia? Ju ya kazi zake ni nyingi:
- Damu ya tumboni inapita kwenye maini. Njia ikizibwa, maji yanajaa tumboni, na mishipa ya koo inaweza kupasuka: mgonjwa anatapika damu.
- Maini yanatoa nyongo. Ikibaki ndani ya damu, macho yanageuka manjano na ngozi inawasha.
- Yanatengeneza vitu vya kugandisha damu. Vikipungua, kidonda kidogo kinatoka damu sana.
- Yanaweka akiba ya sukari. Ikiisha, mgonjwa anatetemeka ao anazimia.
- Yanachuja uchafu. Ukifika kichwani, mgonjwa anachanganyikiwa. Hapo si pepo.

Alama hizi zinachelewa kutokea. Mwenye nazo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sisi wakulima tunaweza kuanza mbele zaidi:
- Tusianike chini kwenye udongo. Tutandike bashi, na mvua ikikaribia tufunike.
- Tupime mahindi: tutie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tutikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, turudishe juani.
- Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Tuchague punje na karanga zilizooza ao kubadilika rangi. Tusiwape kuku, tusitie ndani ya pombe: kupika hakuondoi sumu hiyo.
- Watoto wapate chanjo zote. Ya hepatiti B iko ndani yake.

Kutupa chakula kunauma, zaidi mwaka wa njaa. Ndiyo maana kazi kubwa ni kukausha vizuri, ili tusifike kutupa.