Mafuta ya sufuria huishia wapi? Sinki, shimo na udongo wa mbuga wa Bariadi

Uliza watu kumi namna ya kuzuia sinki la jikoni lisizibe kwa mafuta, na wengi watakujibu hivi: mwagia maji ya moto na sabuni ya kutosha. Jibu hili limeenea kwa sababu linaonekana kufanya kazi. Maji yanapita, harufu inapungua, maisha yanaendelea. Ila mafuta hayajaisha, yamehama tu. Na kwa nyumba nyingi za Bariadi, ambazo kila moja ina shimo lake la maji taka uani, yanakohamia ni pabaya kuliko yalikotoka.

Tuanze na joto. Mafuta ya ng'ombe huyeyuka kwenye nyuzi joto 40 hadi 50 hivi. Maji uliyochemsha yanayayeyusha vizuri pale kwenye sinki, lakini yakishapita mita chache ndani ya bomba lililofukiwa ardhini yamepoa, na mafuta yanaanza kushika ukutani mwa bomba. Hapo mtu wa alizeti au wa mafuta ya pamba atasema, "Yangu hayagandi." Chupani, sawa. Bombani kuna bakteria, na wao huyavunja mafuta hayo kuwa asidi za mafuta. Karibu robo ya mafuta ya pamba ni asidi iitwayo palmitiki, ambayo ikiwa peke yake haiyeyuki mpaka ifike nyuzi joto 63 hivi. Kwa hiyo mafuta yaliyomiminika kama maji yanaweza kuacha kitu kigumu kama mshumaa.

Kisha inaingia kalsiamu. Anayefulia kwa maji magumu ya kisima anamfahamu huyu: unasugua mche mzima, povu halitoki, halafu yanaelea mabonge madogo meupe. Yale mabonge ni sabuni ya kalsiamu, sabuni isiyoyeyuka kwenye maji. Kitu hicho hicho hutengenezwa kwenye mifereji na chemba, asidi za mafuta zinapokutana na kalsiamu inayotoka kwenye maji au kwenye saruji. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walionyesha kwamba ndivyo mabonge magumu ya kwenye mabomba ya maji taka yanavyojengeka. Ukubwa wake ukiachiwa? London, eneo la Whitechapel, mwaka 2017 walikuta bonge la urefu wa mita 250 lenye uzito wa tani 130 hivi. Kipande chake kiliwekwa makumbusho mwaka uliofuata, na watu walienda kukiangalia.

London wana mtandao wa mabomba makubwa, mtu anaweza kushuka na sepeto. Sisi tuna shimo.

Shimo lililojengwa vizuri lina sehemu mbili. La kwanza ni tangi. Maji yakitulia humo siku nzima au zaidi, tope linashuka chini, mafuta yanapanda juu na kuwa utando kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimo la pili, lile linalonyonya kuelekea ardhini. Sasa sabuni ya vyombo kazi yake ni kuyagawa mafuta kuwa chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Sufuria inang'aa, sawa, lakini chembe hizo hazipandi juu haraka. Nyingine zinapita tangi zima na kufika shimo la pili, na huko zinapaka vitundu vya udongo. Tangi likijaa unaita gari la kunyonya. Udongo ukiziba, hakuna gari la kuunyonya. Mara nyingi unachimba shimo jipya.

Na udongo wenyewe? Wasukuma walishauainisha zamani, kwa kufuata mteremko: luseni wa kichanga huku juu, ibambasi mgumu chini yake, na mbuga mweusi bondeni. Luseni hunyonya maji vizuri. Mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kiangazi nyufa zake zinameza maji, mwenye nyumba anafurahi. Mvua zikianza, nyufa zinajifunga, na shimo linalonyonya linabaki na vitundu vichache sana. Ukivipaka mafuta hivyo vichache, maji yanarudi uani.

Hili litakuwa kubwa zaidi mbele ya safari. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017, umelenga Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Maji yakiingia ndani, sinki linaingia. Aliyekuwa anaosha vyombo kwenye beseni na kumwaga nje ataanza kumwaga bombani, na maji yake yatakuwa mengi kuliko ya ndoo.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya kufungua koki. Futa sufuria kwanza, ndipo uoshe. Bibi zetu waliosugua vyungu kwa majivu walikuwa sahihi: majivu yananasa mafuta, ilimradi yaishie jalalani na si kwenye sinki, maana yakituama bombani ni tope.

Bariadi kuna kifutio kizuri zaidi, pamba mbichi. Unyuzi wa pamba kutoka shambani una nta asilia, hivyo unakataa maji na kupokea mafuta. Jaribu nyumbani: weka kifundo cha pamba ya shambani na kifundo cha pamba ya hospitali kwenye bakuli la maji. Ya hospitali, iliyoondolewa nta kiwandani, italowa na kuzama. Ya shambani itaelea. Mwaka 2013 watafiti wa Texas Tech walitangaza kwamba pamba isiyokomaa vizuri, ile ya bei ya chini, inaweza kubeba mafuta ghafi zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Mafuta ya kupikia si mafuta ghafi, lakini kifundo cha pamba fifi kinatosha kabisa kukausha kikaangio. Kisha kichome jikoni siku hiyo hiyo, kinawasha moto vizuri. Usivirundike: pamba iliyolowa mafuta ya mbegu hupata joto yenyewe ikiwa kwenye lundo, na inaweza kushika moto.

Kwa mama lishe na muuza chipsi kufuta peke yake hakutoshi. Fundi akujengee chemba ndogo kabla ya tangi, yenye bomba la kutokea lililopinda kwenda chini, mdomo wake uzame mbali na uso wa maji. Mafuta yanabaki juu, unayachota kwa kopo kila wiki. Isipochotwa, chemba hiyo inajaa na kupitisha kila kitu kama haipo.

Soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo wengine humwaga kuzibua, inafungua bomba kweli. Inaunguza macho na ngozi pia, na ikiwa nyingi inaua bakteria wa kwenye tangi, ambao ndio wanaosaga tope. Bomba likishaziba, jaribu kwanza pampu ya mpira au waya wa fundi. Na gari la kunyonya likija, mwambie dereva avunje utando wa juu na auchukue nao, asinyonye maji ya katikati tu na kuondoka.