Kusoma Kiingereza bila kuelewa: Kitendawili cha madarasa ya Thika na Ruiru

MTOTO wa Gredi ya Tatu anasimama darasani, anafungua kitabu cha Kiingereza na kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Wenzake wanampigia makofi. Mwalimu anapomuuliza hadithi hiyo ilihusu nini, anainamisha kichwa.

Hali hii si ngeni kwa walimu wa Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu ambako familia kutoka pembe nyingi za nchi zimevutwa na viwanda, mashamba na biashara. Katika mitaa kama vile Makongeni na Githurai Kimbo, mtoto huamkia Gikuyu, Kikamba au Kiluhya, akacheza kwa Sheng, kisha akaketi darasani na kutarajiwa kujifunza kwa Kiingereza.

Je, tatizo liko wapi? Mnamo 1986, wataalamu Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa ufahamu ni zao la mambo mawili: uwezo wa kutambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Mambo hayo, walisema, huzidishwa wala hayajumlishwi. Moja likiwa sufuri, jibu ni sufuri.

Ushahidi wa humu nchini unaafiki maelezo hayo. Utafiti wa Benjamin Piper, Leila Schroeder na Barbara Trudell, uliochapishwa 2016, ulilinganisha usomaji wa wanafunzi wa Kenya katika Kiingereza, Kiswahili, Dholuo na Gikuyu. Ilibainika kwamba kasi ya kusoma Kiingereza haikuandamana na ufahamu. Watoto walielewa zaidi walichosoma kwa lugha ya mama.

Ili msomaji aonje adha ya mtoto huyo, hebu asome sentensi hii ya kubuni: "Mchopu alimnyakasa mdupe kwa fiziga." Nani alimnyakasa mdupe? Mchopu. Alimnyakasa kwa nini? Kwa fiziga. Majibu yote ni sahihi, ilhali hakuna kilichoeleweka. Ndivyo wanafunzi wengi wanavyojibu maswali ya ufahamu: wanalitafuta neno la swali katika kifungu na kunakili lililo kando yake.

Athari zake ni kubwa. Sera ya elimu, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, inataka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafunzwe kwa lugha ya mazingira yao. Kuanzia darasa la nne, Kiingereza ndicho hubeba sayansi, hisabati na masomo mengineyo. Asiyekielewa hapotezi somo moja, bali karibu yote.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo. Kabla ya kitabu kusomwa, mwalimu awaonyeshe wanafunzi picha, awaulize wanadhani nini kitatokea, kisha afafanue maneno matano au sita yanayobeba hadithi. Baada ya kusoma, maswali yavuke "nani" na "wapi", yafike kwenye "kwa nini" na "ungekuwa wewe ungefanyaje". Mtoto anayekwama aruhusiwe kueleza kwanza kwa Kiswahili au Gikuyu, halafu asaidiwe kulisema wazo lilo hilo kwa Kiingereza.

Tiba ya pili ni hadithi za kufurahisha. Nchini Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika madarasa ya shule za mashambani ambako Kiingereza si lugha ya nyumbani. Matokeo yao ya 1983 yalionyesha kuwa wanafunzi hao walipiga hatua maradufu ya kawaida katika kuelewa walichosoma na kusikiliza. Hawakuongezewa mitihani, waliongezewa vitabu vya kupendeza.

Hapa ndipo ari inapozaliwa. Mradi wa Tusome, ulioanza kote nchini 2015, ulilenga kumpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili. Hata hivyo, kitabu cha kiada pekee hakitoshi. Mtoto anayesoma ili asikosee tu hukichoka kitabu; anayetaka kujua kama sungura atanusurika hufungua ukurasa unaofuata bila kusukumwa.

Wazazi nao wana nafasi, hata wasiojua Kiingereza. Jioni, mzazi amwombe mwanawe amsimulie kwa lugha ya nyumbani alichosoma shuleni. Masimulizi yakitiririka, mtoto ameelewa. Akibabaika, warudi pamoja kwenye picha na kuanza upya.

Aidha, tuache kupima maendeleo ya mtoto kwa wepesi wa ulimi wake. Makofi tumpigie pale anapoieleza hadithi kwa maneno yake mwenyewe.