Mtoto Aitwapo Usiku

Somo: 1 Samweli 3:1–10



Sisi tukaao Busia na Malaba twaujua mpaka. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, msafiri huulizwa yeye ni nani, atoka wapi na abeba nini. Watoto wetu nao tumewaonya wasipande lori la mtu wasiyemjua. Lakini simu ya mkononi haina forodha. Mgeni huingia usiku hadi kitandani mwa mtoto, wala hakuna amwulizaye neno.

Mgeni huyo hana haraka. Hujifanya kijana wa rika moja na mtoto. Humsifu, humtumia pesa za kununua bando, kisha humwambia, “Usimwambie mama.” Baadaye huomba picha ya mwili. Akiipata, sauti hugeuka: “Nitumie nyingine, la sivyo wote wataiona.” Pengine si mgeni kabisa, bali ni mtu ambaye mtoto amjua.

Wazazi wengi hudhani dawa ni kumnyang'anya mtoto simu na kumchapa. Kumbe hapo ndipo mwovu apatapo nguvu, maana silaha yake kubwa ni hofu ya mtoto kwa wazazi wake.

Samweli alipoitwa usiku, hakujua sauti ile ni ya nani. Mara tatu alimkimbilia mzee Eli, aliyekuwa amekwisha lala. Eli hakumkemea, bali alimsaidia kuitambua sauti. Eli huyo alishindwa kuwazuia wanawe mwenyewe, lakini usiku ule alimfaa mtoto. Sauti ile ilikuwa ya Mungu. Hizi za simu zaweza kuwa za mbwa mwitu. Hata hivyo, mtoto ahitaji mtu mzima wa kumkimbilia.

Basi, tufanyeje? Kwanza, tumwambie leo, kabla ya shida: “Mwanangu, lolote likikupata kwenye simu, njoo uniambie, hata kama umekosa. Sitakupiga.” Na ahadi hiyo tuitimize. Pili, tumfundishe kwamba anayesema “usimwambie mama,” huyo ndiye wa kuambiwa mama kwanza. Tatu, simu zilale sebuleni. Nne, baya likitokea, tusimlipe mwovu, tusifute ujumbe wake, wala tusisambaze picha. Tuupeleke ujumbe polisi, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao yakataza picha chafu za watoto. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na ni ile ile Kenya na Uganda.

Ewe mzazi, mtoto wako akikuamsha usiku wa leo, je, atamkuta Eli?

Tuombe. Ee Bwana, utupe masikio ya kuwasikiliza wadogo, na mioyo isiyo na hasira ya haraka. Uwalinde watoto wetu pande zote mbili za mpaka. Amina.