Supu ya Boga kwa Mtoto Achaguaye Chakula

Mtoto achaguaye chakula humtia mzazi wasiwasi. Mboga huzisukuma pembeni mwa sahani, hali mwili wake unazihitaji. Boga na karoti humpatia vitamini A, ambayo ikipungua sana macho hushindwa kuona vema gizani. Tusimchape wala kumlazimisha, tubadili upishi.

Chukua boga nusu kilo, karoti 3, kiazi ulaya 1, kitunguu 1 na nazi 1. Menya, katakata, kisha chemsha vyote kwa tui jepesi hadi vilainike kabisa. Viponde kwa mwiko na kuvipitisha katika chujio, pasibaki kipande cha kumtia mtoto shaka. Injika tena kwenye moto mdogo, tia chumvi kidogo na tui zito, ukikoroga bila kuacha ili tui lisikatike. Mafuta yaliyomo katika tui huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo.

Akikataa leo, usikate tamaa. Mpe tena kijiko kimoja siku nyingine, nanyi wazazi mnywe mbele yake, kwani mtoto huiga ayaonayo mezani.